Kitabu Kilichokuja na Mashuka

Mara ya mwisho kumwona Zuhura akiwa hai, nilimpita kama mtu nisiyemjua. Ilikuwa Marikiti, Mombasa, kwenye meza za viungo, miaka tisa baada ya yeye kuondoka Malindi. Alivaa buibui lililofifia mabegani, na mtoto wa kike alikuwa amemshika kidole. Kati yetu palikuwa na gunia la tangawizi na mwuzaji aliyekuwa akibishana na mteja mwingine. Macho yetu yalikutana kwa muda wa kutosha. Nikayateremsha kwenye daftari langu la kazi, nikajifanya naandika, na nilipoyainua alikuwa amekwisha kupinda kwenye njia ya wauza ndizi. Kwa miaka mingi nilijituliza kwamba hakuniona. Mwezi uliopita nilipata ushahidi kwamba aliniona, na ushahidi wenyewe uko hapa mezani ninapoandika. Nimeuwekea kinu kidogo cha kutwangia iliki juu yake, maana kurasa zimezoea kujikunja.

Nimefanya kazi ya gazeti kwa miaka ishirini na saba, mingi yake nikiwa mahakamani na kwenye mabaraza ya mji. Kazi ile humzoesha mtu kuyapanga mambo: nani, wapi, lini. Lile la kwa nini huja mwisho, na mara nyingi haliji kabisa. Nimestaafu sasa, nakaa Kilifi, magoti yananiuma nikipanda ngazi, na nimechoka kusikiliza maneno ya watu. Ndiyo maana Dama aliponipigia simu sikuipokea mpaka mara ya tatu. Dama tulisoma naye taipu Malindi tukiwa wasichana, naye hakuuhama mji ule. Aliniambia kwa kifupi, "Zuhura wa Bi Salma amefariki. Amezikwa jana. Nimeona nikwambie." Kesho yake nikajifunga leso kichwani, nikaenda. Nilikaa mkekani pamoja na wanawake wa matangani katika ukumbi wa nyumba ya Bi Salma, ule ule niliokuwa nikiufagia zamani, na hakuna aliyenijua. Kisomo kilipokwisha, mwanamke wa miaka thelathini na kitu alikuja akapiga magoti mbele yangu na kuniamkia. Akaniuliza kama mimi ni Kadzo wa Marafa. Huyo ni Mwanaamina, mtoto yule wa Marikiti. Aliniwekea mapajani daftari la shule lililofungwa kwa kitambaa. "Mama alisema mwenyewe akija apewe," aliniambia. "Asipokuja, msimtafute."

Mwaka ninaoutaka ni wa themanini na sita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na nilikuja Malindi kwa miezi tisa kujifunza taipu katika chuo kimoja kidogo kilichokuwa juu ya duka la vitambaa. Nilipangishiwa chumba kwa Bi Salma, mjane mwenye asili ya Faza, upande wa Lamu, katika moja ya nyumba za mawe za mtaa wa Shela. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, boriti za mikoko juu, ukuta umejaa vidaka vya kuwekea vitu. Mlikuwa na vitanda viwili vya kamba, kimoja changu na kimoja cha Zuhura, binti wa nyumba, aliyenizidi mwaka mmoja. Dirisha lilitazama uani, na uani ndiko maisha yote yalikokuwa. Bi Salma alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa upande wa ufukweni. Kila asubuhi gunia la mashuka lilishushwa mlangoni, na kila alasiri yalirudi yakiwa yamepigwa pasi ya makaa na kukunjwa pembe kwa pembe. Nyumba nzima ilinuka sabuni na jivu. Upande wa pili wa ua, kwenye baraza fupi, Zuhura alikuwa akiwapaka wanawake hina na kuwachora piko. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Alikuwa na kijiti chembamba cha ukuti wa mnazi, akikichovya kwenye piko nyeusi, na ua zima la waridi lingetoka bila kijiti kuinuka.

Mimi, kwa tabia, nilikuwa nasikiliza. Wanawake waliochorwa hawawezi kutumia mikono yao, na asiyeweza kutumia mikono hutumia ulimi. Nikikaa dirishani na vitabu vyangu vya hatimkato, nilisikia ndoa zote za Malindi zikifumwa na kufumuliwa. "Yule hakuachwa, kaacha." "Kaacha nini na nyumba ni ya mume?" "Kaacha kupika, mwanangu. Hiyo si talaka hiyo?" Wakacheka, na Zuhura akawagombeza wasitikisike, mstari utapinda. Chakula kilikuwa cha nyumba ile, mimi sikuwa na changu. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali na mchuzi wa papa, sote watatu sinia moja. Mwanzoni nilikula kwa haya, nikichukua upande wangu tu kama panya. Zuhura akawa anasukuma vipande vya samaki upande wangu kwa kidole, bila kunitazama, huku akizungumza na mama yake mambo mengine kabisa. Darasa langu lilikwisha saa kumi, na chai ya alasiri ilinywewa kabla ya hapo. Nilipofika nilikuta kikombe changu sakafuni karibu na jiko, kimefunikwa kisahani. "Nimekifunika nzi wasiingie," angesema. "Nzi na masengenyo." Sikupata kukikuta wazi hata siku moja.

Kitabu kilikuja mwezi wa nne, ndani ya shuka. Nilikuwa nikimsaidia Bi Salma kulikung'uta gunia, kikaanguka miguuni pangu: kidogo, kinene, karatasi yake nyepesi ya kijivujivu, na kila ukurasa umejaa picha za wino zilizogawanywa kwa mistari. Maandishi sikuyajua. Yalining'inia wima ndani ya mapovu, kama shanga. Wakati ule pale nyumba ya wageni walikuwa wakifikia watu wa kila nchi, na aliyekisahau alikuwa ameondoka. Iliyo haki ilikuwa nimpe Bi Salma akirudishe pamoja na mashuka, maana alikuwa mkali sana kwa vitu vya wageni. Aliwahi kumtuma Zuhura jua kali arudishe kitufe kimoja cha shati. Nilikitia ndani ya kanga yangu. Sijui kwa nini. Nimewahoji wezi wengi tangu hapo, na jibu lao huwa ndilo hilo.

Zuhura nilimwonyesha siku ile ile. Tulikaa kitandani kwake, mlango umerudishwa, nikakifungua kama ninavyofungua kitabu chochote.

"Unaanzia wapi wewe?" akaniuliza.

"Mwanzo."

"Huo ni mwisho, Kadzo. Geuza."

"Kitabu hufunguliwa huku. Nimesoma shule miaka kumi na mmoja."

"Na mimi nimekhitimu chuoni mara mbili. Huku."

"Hiki si Msahafu, Zuhura."

"Wala si kitabu chako cha hesabu. Lete."

Basi tukakisoma kila mtu kwa upande wake, yeye kutoka kulia kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa chuo cha Kurani, mimi kutoka kushoto kama nilivyofundishwa shuleni. Kilikuwa kitabu cha wasichana wawili. Mmoja alikuwa mrefu, nywele zimesukwa mkia mmoja. Mwingine mfupi mwenye miwani. Tukawaita hivyo hivyo, Mrefu na Miwani. Palikuwa na stesheni ya gari la moshi, Mrefu dirishani na Miwani chini, kiatu kimemvuka, wote wawili wanalia machozi makubwa kama punje za mahindi. Palikuwa na chumba walichokaa pamoja, bakuli mbili zinazofuka moshi, Miwani akishona mkanda wa kiatu cha mwenzake, Mrefu akimshikia taa mwenzake anaposoma. Hakuna mwanamume aliyeingia katika habari yao. Na palikuwa na njia nyembamba ambayo vitone vyeupe vinaanguka kutoka juu. Tulikubaliana ni sufi, kwamba msufi umepasuka pembeni na upepo unaipeperusha. Katika njia ile wasichana wawili wanapitana, kila mmoja anatazama chini, hakuna anayemsemesha mwenzake.

Kwa Zuhura, kitabu kilianza na njia ya sufi. Watu wawili wasiojuana wanapitana, kisha wanajuana, wanakula pamoja, na mwisho mmoja anapanda gari la moshi na mwenzake analia. Kwangu mimi gari la moshi lilikuwa linaingia. Mrefu anafika, wanalia kwa furaha, wanakaa chumba kimoja, halafu, ukurasa kwa ukurasa, bakuli zinakuwa mbali zaidi, taa inazimwa, na mwisho wanapitana njiani kama watu baki. Tulibishana wiki nzima. Tuliwasemea maneno, yeye Miwani kwa sauti ya puani, mimi Mrefu. Nilipofika mwisho wangu, njiani kwenye sufi, Zuhura hakukubali kumsemea Miwani. Alikifunga kitabu.

"Watu waliokula sinia moja hawapitani hivyo," alisema. "Labda wawe na wazimu."

"Watu hupoa, Zuhura."

"Chai ndiyo hupoa. Kwenu Marafa watu hupoa?"

"Kwako wewe wanaagana wakilia. Hiyo ndiyo nzuri?"

"Eh. Anayeliliwa ana mtu." Kisha akanisukuma bega. "Hebu sogea huko, mwenehu, unanibana." Mwenehu ni neno la kwetu la kumwita ndugu. Alikuwa amelisikia kwa kaka yangu aliponiletea mananasi, na tangu hapo hakuniita vingine tukiwa peke yetu. Alilisema vibaya, kwa ulimi wa mjini, nami sikumrekebisha.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa kumi Zuhura aliitwa kumchora bibi harusi wa nyumba moja kubwa ya mtaa ule, msichana anayeitwa Mariamu, aliyekuwa anaolewa na kupelekwa Mombasa. Nilikwenda naye kumpepea bibi harusi ili piko ikauke. Tulikuwa watatu tu ndani, shangazi zake wako uani wanachambua mchele. Mikono yote miwili ilikwisha kujaa maua na majani mpaka kwenye viwiko, na Mariamu alikuwa amenyoosha mikono kwenye mito miwili kama mtu aliyefungwa. Alikuwa analia kidogo kidogo kwa sababu rafiki yake waliyekua naye pamoja hakuruhusiwa na mumewe kuja harusini. Akasema, "Nitieni kitu kisichokuwa cha kila bibi harusi. Kitu cha mimi na yeye." Zuhura alinitazama. Mimi ndiye niliyesema, "Mtie Mrefu na Miwani. Hapa ndani ya kifundo cha mkono, bangili zitawafunika."

Zuhura alifikiri, kisha akawachora, wadogo kama kucha, wameshikana mikono. Hakuwatia nyuso. Alijua mpaka wake. Sanamu ya kiumbe haichorwi, na katika hesabu yake kiumbe asiye na macho alikuwa bado ni ua tu, ua lenye miguu. Mariamu akaangalia, akaangalia tena. "Mbona kama vinu?" akauliza. Nami nikacheka, nikasema, "Kweli. Watie macho, Zuhura. Bila macho hao ni watu gani?" Kijiti kilisimama hewani. "Kadzo," alisema polepole. Nikasema tena, "Nukta tu. Nani ataona?" Akazitia. Nukta nne.

Waliziona siku ya pili, walipomvika bangili. Nilikuwa uani nakuna nazi pamoja na wasichana wengine nikasikia sauti ya shangazi mkubwa ikipanda. "Hivi n'nini hivi? Ni watu hawa! Tazamani, wana mato! Wana mato!" Piko ni nyeusi na haitoki kwa kusuguliwa. Walijaribu limau, wakajaribu chumvi, wakajaribu mafuta ya taa mpaka ngozi ikawa nyekundu, na nukta zikazidi kuonekana. Mwishowe bibi harusi alitolewa mbele ya wageni na kitambaa kimefungwa kifundoni kama aliyejikata kisu. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari. Mmoja alisema ni uchawi wa Kigiriama niliouleta mimi kutoka bara, mwingine alisema Zuhura anaabudu sanamu za Wazungu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichorwa na Zuhura kila mwezi alipita mbele ya mlango wetu akasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi mikono yangu naitaka kwa kutawadhia."

Bi Salma alipekua chumba chetu kesho yake. Alikikuta chini ya godoro langu. Sitasahau alivyokishika, kwa vidole viwili, kwenye pembe. Tulikuwa tumesimama mbele yake karibu na jiko. Alikifungua katikati, akaona picha, akaona hata chapa ndogo ya nyumba ya wageni kwenye kikaratasi kilichobaki ndani, na nikaona akielewa mambo mawili kwa mara moja.

"Kimetoka kwenye mashuka yangu," alisema. "Vitu vya wageni. Miaka yote hii sijaharibu amana ya mtu. Nani kakitwaa?"

Nitayapanga kama nilivyozoea. Mtihani wangu wa taipu ulikuwa umebakiza siku tisa. Kama ningesema ni mimi, ningefungasha vitu vyangu siku ile, na hapakuwa na nyumba nyingine Malindi ambayo baba yangu angekubali nikae. Bila cheti kile ningerudi Marafa kulima. Hayo yote ni kweli, na niliyafikiria yote, moja baada ya jingine, kwa utulivu ambao hunitisha hata leo. Kitabu kilikuwa chini ya godoro langu. Bi Salma alikuwa akinitazama mimi. Nikanyamaza. Zuhura alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisubiri, kama unavyomsubiri mtu amalize kutafuna aseme. Nilipoendelea kunyamaza, alimgeukia mama yake.

"Ni mimi, mama. Nalikiona kwenye gunia. Nikakificha kitandani kwa Kadzo usinishuku."

"Na yale ya Mariamu?"

"Mkono ni wangu. Yeye alikuwa anapepea."

Bi Salma alikitia kitabu jikoni. Karatasi ile ilikuwa nyepesi, haikuchukua muda. Niliona stesheni ikijikunja, au labda ilikuwa ukurasa mwingine. Kisha akatuteremshia chai, akammiminia kila mtu kikombe chake kama kawaida, maana ilikuwa alasiri na hakuwa mwanamke wa kuacha jambo katikati.

Kwa siku saba Zuhura hakuitwa kuchora hata kidole. Siku ya nane Bi Salma alitangaza kwamba Zuhura anakwenda Faza, kwa mama yake mkubwa, mpaka watu wasahau. Tulilala chumba kimoja siku zote hizo. Alikuwa akinisukumia samaki kama kawaida. Nilikuwa na sentensi nimeitayarisha, nzuri, na kila nilipofungua mdomo nilisikia inavyonuka woga, nikaufunga. Siku moja tu, akikunja nguo zake, alisema, "Unaona sasa? Mimi ndiye niliyesoma vizuri. Mwisho ni gari." Alikuwa anajaribu kunichekesha. Basi la Lamu liliondoka saa mbili asubuhi. Mtihani wangu ulikuwa saa nne, siku hiyo hiyo. Muda ulikuwepo, nimeuhesabu mara nyingi. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili unusu, wote wawili wakiwa bado kwenye sala na dua zao, nikaenda kukaa kwenye ngazi za chuo, mlango umefungwa, mpaka niliposikia honi ya basi upande wa soko. Dama alinikuta pale. Aliniuliza nasoma nini bila kitabu.

Mtihani nilifaulu. Mlio wa taipu ulinikaa masikioni siku nzima. Niliporudi saa kumi, nyumba ilikuwa kimya, Bi Salma anapiga pasi amenipa mgongo. Sakafuni karibu na jiko palikuwa na kikombe changu, kimefunikwa kisahani. Nikadhani Bi Salma amenihurumia. Nikakifunua. Chai ilikuwa baridi, maziwa yamefanya utando juu. Ilikuwa chai ya asubuhi. Bi Salma alisema bila kugeuka, "Kaniambia nisikiondoe. Kasema utakuja kabla ya basi." Nilikaa nyumba ile wiki tatu zaidi, nikapata kazi ya ukarani Mombasa, na kutoka ukarani nikaingia gazetini. Faza sikwenda. Barua sikuandika, mimi niliyekuwa nikilipwa kwa kuandika. Nilijiambia kwamba siku nikiwa na la kusema nitakwenda, na miaka tisa ikapita, na siku ilipofika ilinikuta nimesimama mbele ya gunia la tangawizi.

Daftari alilonipa Mwanaamina ni la kurasa thelathini na mbili. Majalada yake yametoka pande zote mbili, zimebaki pini za katikati. Hakuna neno hata moja ndani, wala namba. Limechorwa lote kwa kalamu ya wino, mistari ile ile isiyoinuka. Nililipeleka Kilifi, nikalificha kabatini siku tatu kama nilivyowahi kuficha kingine. Sidi, binti wa kaka yangu, ana miaka kumi na sita na hukaa kwangu siku za shule. Ndiye aliyelikuta wazi mezani. "Shangazi, nani amechora hii manga?" Kwetu pwani Manga ni Arabuni, kwa hiyo nikamwuliza Waarabu wameanza lini kuchora. Alinicheka, akasema ni vitabu vya picha vya Kijapani, akanitolea simu yake. Palikuwa na kurasa za kijivujivu, mapovu, maandishi yaliyoning'inia, wasichana wawili juu ya daraja. "Nyingi huishia kwa kuagana," alisema. "Marafiki tu, si mapenzi. Nililia siku mbili kwa hawa. Na unazisoma kutoka kulia, shangazi, siyo unavyoshika hivyo." Basi Zuhura alikuwa amesoma vizuri. Nimelijua hilo baada ya karibu miaka arubaini, kwa mtoto anayekula biskuti, na wa kumwambia amezikwa.

Yaliyomo daftarini ni haya. Katikati mna kile chumba, boriti, vidaka, vitanda viwili. Mna gunia la mashuka. Mna mikono ya bibi harusi juu ya mito. Mna jiko na moshi na wanawake watatu wamesimama. Mna basi, na mwanamke dirishani ametoa kichwa chote nje, na chini hakuna mtu. Watu wote katika kurasa hizo hawana nyuso. Ukurasa wa mwisho wa upande wa kulia ni soko. Wanawake wawili, gunia kati yao, mmoja ameshika mkono wa mtoto, mmoja ameshika daftari. Hao tu ndio waliotiwa macho. Nukta nne. Ukurasa wa mwisho wa upande wa kushoto hauna mtu. Kuna jiko, sinia, na vikombe viwili.

Sidi hana shaka. Linasomwa kutoka kulia, anasema, kwa hiyo wanaanza wakipitana kama watu baki na wanaishia kwenye chai. "Wamepatana, shangazi. Mbona unaangalia hivyo?" Zuhura alijua ninakoanzia mimi. Alinibishia wiki nzima. Kama alijichorea mwenyewe, mwisho ni chai. Kama alinichorea mimi, maana aliagiza nipewe nikija, alijua nitaanzia kushoto, na mwisho wangu ni sokoni, macho kwa macho, na ni mimi niliyewahi kumwambia kwamba watu hupoa. Nilimpigia simu Mwanaamina nikamwuliza mama yake alianza kuchora upande gani. Nikasikia mtoto wake akilia nyuma. Alisema hakuwahi kumwona akilichora. Alilikuta limekwisha.

Nimeutazama ule ukurasa wa vikombe kwa miwani na kwa kioo cha kukuzia. Kikombe kimoja kiko wazi, na moshi unatoka. Cha pili kimefunikwa kisahani.